Waliozaliwa Tarehe Thelathini Februari

"Basi iambie iache kiburi!"

Sauti ya Mkurugenzi Mkuu, Bwana Fidelis Kaparata, ilikuwa imeshapanda hadi pale sauti inapoanza kupasuka, na hata saa tatu asubuhi ilikuwa haijafika.

"Haisikii, Mkurugenzi," alisema Leokadia Mbunda. "Ni programu ya kompyuta. Nimekwambia mara nne."

"Haisikii au haitaki kusikia?"

"Haina masikio."

"Ile ya zamani ilikuwa nayo?"

"Nayo haikuwa nayo. Ila ile ilimeza chochote ulichoipa. Hii inatafuna kwanza."

Mkurugenzi aliikazia macho skrini kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji aliyegoma kuhama. Maneno yaliyokuwa pale yalikuwa machache, tena ya adabu: tarehe si halali, mstari umekataliwa. Chini yake, idadi: 412,007.

"Rekebisha, basi."

"Nataka kurekebisha tangu Jumamosi. Kazi ya dakika tano. Wewe ndiye unayenizuia."

"Nimesema urekebishe mashine, Bi Mbunda, sikusema tarehe! Tarehe ni mali ya serikali!"

"Mashine haina kosa. Tarehe ndizo mbovu."

Mkurugenzi alitazama mlango, akatazama dari, akatazama chini ya meza. Kisha akashusha sauti.

"Unajua ni nani yumo kwenye orodha hiyo?"

"Najua. Mama yangu."

"Simsemi mama yako!"

*

Msomaji ambaye hajawahi kuishi katika Jamhuri ya Utulivu, na bahati hiyo imdumu, anahitaji kuelezwa mambo mawili matatu.

Katika nchi hiyo mtu hawi mtu kwa sababu tu anapumua. Anakuwa mtu baada ya kuthibitishwa na Mamlaka ya Taifa ya Kuwapo, yenye jengo la ghorofa kumi na moja na kauli mbiu isemayo "Tupo Ili Uwepo". Ndani ya jengo hilo imo kanzidata ya wananchi, yaani majedwali makubwa yaliyofungamanishwa, ambamo kila mtu ana mstari wake: namba, jina, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Ukienda hospitali, wanautafuta mstari wako. Ukitaka kuoa, wanautafuta wako na wa mwenzako. Ukifa, mstari unawekewa alama, na mpaka alama hiyo iwekwe ndugu zako hawaruhusiwi kulia kwa sauti.

Kwa miaka ishirini kanzidata hiyo iliendeshwa na Toleo la Tisa la programu yake. Waliolitengeneza walikuwa wamekwisha kuacha kulihudumia, na ukiwapigia simu kulihusu walikuwa wanauliza kwa mshangao kama bado liko hai. Leokadia, mkuu wa kitengo cha kanzidata, mama wa watoto watatu na mwenye stashahada moja aliyoisomea mwenyewe, jambo lililomtenga na viongozi wake wengi, aliandika barua kuomba data ihamishiwe Toleo la Kumi na Sita. Aliandika kila mwaka kwa miaka sita. Mwaka wa saba kibali kilitoka kwa haraka ya ajabu, baada ya kusikika kuwa nchi jirani imehamia la kumi na tano.

Alifanya kazi kama inavyotakiwa. Alichukua nakala rudufu. Alijaribu uhamisho kwenye seva ya pembeni, akaona mahali utakapokwama, akaandika ripoti ya kurasa kumi na nne, na katika ukurasa wa tatu akaweka kwa herufi nzito kwamba toleo jipya halitapokea tarehe zisizokuwapo kwenye kalenda. Ripoti ilirudishwa kwa sababu jalada halikuwa na picha ya Mtukufu Kiongozi. Akaweka picha. Ikarudishwa kwa sababu Mtukufu alikuwa anatazama kushoto, yaani kuelekea nje ya ripoti. Akamgeuza. Ripoti ikasifiwa kuwa ya kihistoria, ikafungiwa kabatini bila kufunuliwa.

*

Jumamosi ilifanyika sherehe ya kulistaafisha Toleo la Tisa.

Waziri wa Kuwapo, Mheshimiwa Kinyogoli, alikuja na gari tatu na kikohozi kimoja cha heshima. Alisimama mbele ya seva, akaitazama kwa huzuni.

"Toleo la Tisa," alisema, "umelitumikia taifa miaka ishirini bila kudai likizo, bila kwenda msibani na, hili naliweka mbele ya vijana wetu, bila kuhoji. Ulichopewa ulipokea. Ni watumishi wangapi leo wanaweza kusema hivyo?"

Watumishi walipiga makofi, kila mmoja akimtazama jirani yake.

Toleo la Tisa lilikabidhiwa cheti, saa ya ukutani na mabati ishirini. Kwa kuwa halikuwa na mikono, mabati yaliegemezwa kwenye kabati la seva, yakaziba kiyoyozi, na chumba kikaanza kunuka waya unaoungua wakati kwaya ya Mamlaka ikiingia ubeti wa pili. Kisha Waziri akabonyeza kitufe chekundu kilichotengenezwa na fundi seremala na ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote. Nyuma yake Leokadia, akiwa amehamisha mabati manane kwa mikono yake, akabonyeza chake.

Wananchi milioni tisa waliingia katika Toleo la Kumi na Sita kabla wageni hawajamaliza soda. Laki nne na elfu kumi na mbili na saba walibaki nje ya mlango.

*

Wote waliobaki nje walikuwa wamezaliwa tarehe thelathini Februari.

Jambo hili lina historia yake, nayo ni ya watu wenye akili. Miaka arobaini iliyopita, serikali ilipoandikisha watu wote kwa mara ya kwanza, makarani walikutana na kikwazo. Watu walijua walizaliwa mwaka gani, kwa sababu ulikuwa mwaka wa nzige au mwaka daraja lilipobomoka, lakini siku hawakuijua, na fomu ilitaka siku. Karani hakuruhusiwa kuandika "haijulikani", kwa kuwa serikali inajua kila kitu. Hakuruhusiwa kubuni tarehe pia, kwa kuwa kuandika uongo kwenye fomu ya serikali kulikuwa na kifungo cha miaka miwili. Makarani walikaa wiki tatu wakinywa chai. Ndipo mkuu mmoja wa ofisi, ambaye sasa barabara inaitwa kwa jina lake, akatoa Waraka Namba Saba. Hoja yake haikuwa na upenyo: ukisema mtu alizaliwa tarehe tano Mei na si kweli, huo ni uongo, kwa sababu tarehe tano Mei ipo. Lakini siku ambayo haipo haiwezi kudanganya mtu. Asiyejua siku yake, basi, na aandikwe thelathini Februari.

Makarani walishangilia, wakamaliza kazi kwa mwezi mmoja.

Miongoni mwa walioandikwa hivyo alikuwamo kijana mmoja aliyezaliwa kwenye shamba la mtama, katika mwaka usiokuwa na nzige wala daraja, ambaye baadaye akawa Mtukufu Kiongozi. Tangu ashike madaraka, thelathini Februari imekuwa sikukuu ya taifa. Kila mwaka, jioni ya tarehe ishirini na nane, redio hutangaza kuwa kesho ni thelathini. Watoto wa shule huimba kwamba wengine walizaliwa ndani ya siku, yeye alizaliwa juu ya siku. Kesho yake nchi huamkia tarehe mbili Machi, na hakuna anayemuuliza mwenzake lolote.

*

Mama yake Leokadia, Bibi Mektilda, naye alizaliwa tarehe thelathini Februari, mwaka wa nzige.

Bibi Mektilda alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Wiki iliyotangulia alikuwa amelikaribisha koti la mkwewe lililotundikwa nyuma ya mlango, akalitolea kiti, akaliuliza habari za kazini, na liliponyamaza akamlalamikia binti yake kwamba mumewe siku hizi ana maringo. Sasa walikuwa wamekuja madaktari wa macho kutoka nje. Wangepasua watu mpaka Alhamisi jioni, kisha wangeondoka, na wangerudi baada ya miaka miwili. Zamu yake ilikuwa Jumanne.

Jumanne Leokadia alimsindikiza mpaka dirishani. Karani wa hospitali, mwanamke mwenye kalamu tatu kichwani, aliingiza namba, akasubiri, akaingiza tena.

"Bibi, mfumo haukuoni."

"Hata mimi siuoni, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kutibiwa macho."

"Nasema humo. Hupo."

"Hebu niangalie vizuri."

"Naangalia mfumo, bibi. Mimi si kazi yangu kukuangalia wewe."

Leokadia aliinama dirishani. "Dada, huyu ni mama yangu. Amesimama hapa. Amekuja na khanga yake na chupa yake ya chai."

"Namwona, shoga. Hata chai naisikia inanukia vizuri. Lakini nikimwandika mtu ambaye hajazaliwa, daktari atampasua nani?" Karani alishusha sauti, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Alhamisi saa sita mchana ndipo wanafunga orodha ya mwisho. Akizaliwa kabla ya hapo, mlete."

Njiani Bibi Mektilda alisimama ghafla.

"Kadia, mwanangu. Nieleze ukweli. Nimekufa?"

"Hujafa, mama. Hujazaliwa."

"Afadhali. Maana nilishaanza kujiuliza mbona sijaliliwa." Akatembea hatua kadhaa akipapasa hewa kwa mkono. "Na wewe, kama mimi sijazaliwa, umetoka wapi?"

"Mimi nimo kwenye mfumo."

"Hongera."

*

Hivyo ndivyo ilivyofika Jumatano, na ugomvi wa Leokadia na Mkurugenzi mbele ya skrini.

"Turudishe basi lile la zamani," alisema Leokadia. "Lipo, halijafutwa. Hata kuzimwa halijazimwa. Nikilirudisha zamu sasa hivi, kabla ya saa nne kila mtu yupo."

"Haiwezekani. Limestaafu."

"Ni programu, Mkurugenzi!"

"Lina cheti. Mstaafu harudishwi kazini bila mkataba, na mkataba unapitia kamati ya ajira, siku tisini." Bwana Kaparata alijifuta jasho. "Halafu tutamwambiaje Mheshimiwa? Kwamba alibonyeza vibaya?"

"Alibonyeza mbao."

"Bi Mbunda!"

Likaitishwa kikao cha dharura. Kikao kiliamua, kwanza kabisa, Toleo la Kumi na Sita liandikiwe barua ya kujieleza kwa nini lisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuwakataa wananchi bila kibali. Barua ilibandikwa kwenye seva kwa gundi ya karatasi. Lilipewa mpaka saa nane mchana. Saa nane ilipofika bila majibu, wajumbe walitazamana kwa wasiwasi, kwa sababu huo ulikuwa utovu wa nidhamu wa wazi, lakini wakilisimamisha kazi hakuna mwingine wa kushika zamu.

Mwanasheria wa Mamlaka alipendekeza Bunge liongeze siku mbili kwenye Februari.

"Mashine haisomi Gazeti la Serikali," alisema Leokadia.

"Itatumiwa nakala."

Ikaandikwa. Bunge lingekaa baada ya wiki kumi na moja. Ikaandikwa pia kwamba ujumbe wa watu kumi na mmoja, pamoja na kikundi cha ngoma, uende ng'ambo kwa watengenezaji wa programu kuwaeleza mila zetu.

Na kwa kuwa serikali haiwezi kuwaacha watu wake gizani, jioni hiyo redio ilisoma tangazo. Leokadia alilisikia akiwa anakaanga vitunguu:

"Wananchi waliozaliwa tarehe thelathini Februari wanaarifiwa kuwa kwa muda hawapo. Hakuna sababu ya hofu. Wanaombwa waendelee na shughuli zao kama kawaida, ila wasiugue, wasioe, wasizae na wasifariki mpaka watakapotangaziwa vinginevyo. Yeyote anayehisi kuwa hayupo afike ofisi ya kata akiwa na kitambulisho."

"Wamenitaja," alisema Bibi Mektilda kutoka kwenye kiti chake. "Mimi na Mtukufu."

Leokadia aliacha kukaanga.

"Mama, nani kakwambia habari za Mtukufu?"

"Si wanaimba kila mwaka? Mtoto wa mtama, thelathini Februari. Au mnadhani sisi wasioona hatusikii?"

Leokadia alirudia vitunguu vyake. Vilikuwa vimeungua. Akavitupa, akamenya vingine, akavikata kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

*

Alhamisi saa tatu na nusu Waziri Kinyogoli mwenyewe alikuja kuongoza kikao. Aliketi chini ya picha ya Mtukufu, akafungua faili, akalifunga.

"Nitakuwa mfupi," alisema, na kwa dakika arobaini akazungumzia umuhimu wa utulivu. Leokadia alikuwa anatazama saa ya ukutani iliyokuwa mali ya Toleo la Tisa na ambayo Mkurugenzi alikuwa ameiazima.

"Sasa," alisema Waziri, "kuna minong'ono. Nimesikia humu ndani yumo mtaalamu anayetaka kugusa tarehe."

Wajumbe wote walisogeza viti vyao kidogo kutoka kwa Leokadia.

"Ni mimi, Mheshimiwa," alisema. "Mama yangu anatakiwa hospitali kabla ya saa sita leo. Asipofika, atakuwa kipofu miaka miwili, na kwa umri wake labda moja kwa moja. Naomba nirekebishe."

"Pole kwa mama. Lakini taifa kwanza." Waziri alinyoosha kidole juu, kuelekea picha. "Umewahi kufikiri maana yake? Ukigusa ile tarehe, umesema Mtukufu hakuzaliwa siku ile. Ukisema hakuzaliwa siku ile, sikukuu ni ya nini? Watoto wanaimba nini? Utapigia mstari tarehe moja, na nchi nzima itafumuka kama sweta!"

"Kwa hiyo unaamuru nini, Mheshimiwa? Naomba kiwe kwenye muhtasari, ili nisije nikakosea."

Waziri alipenda kunukuliwa. Alisimama.

"Andika. Tarehe ya kuzaliwa ya Mtukufu Kiongozi isiguswe, isibadilishwe, isirekebishwe, isijadiliwe, wala isitazamwe kwa muda mrefu, na mtumishi yeyote wa Mamlaka."

Katibu wa kikao aliandika.

"Na hao wengine?" aliuliza Leokadia.

"Wengine wepi?"

"Waliobaki. Laki nne na elfu kumi na mbili na sita."

Waziri alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kuhusu viatu vya watu asiowajua. Hakuna ubaya uliokuwa usoni mwake. Hawakuwa wamemjia akilini hata siku moja.

"Bi Mbunda," alisema kwa upole, "hapa tunajadili mambo makubwa. Hao ni mambo ya utendaji."

"Mambo ya utendaji ni ya kitengo changu."

"Basi nenda kayafanye, utuache tuendelee. Tumefika kwenye ngoma. Ni ngoma ipi inayofaa kwenda ng'ambo?"

Muhtasari ulipitishwa kuzunguka meza. Mkurugenzi Kaparata, ambaye katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kusoma kitu kabla ya kukitia saini, alitia saini. Leokadia alichukua nakala yake na kutoka wakati wajumbe wawili wakianza kugombana kuhusu njuga.

*

Chumba cha seva kilikuwa na joto. Alisogeza mabati yaliyobaki, bati kwa bati, mpaka upepo wa kiyoyozi ukampiga shingoni. Akabandua barua ya kujieleza, akaikunja, akaketi.

Saa nne na dakika hamsini.

Kilichobaki kilikuwa swali moja tu, nalo hakuna aliyeliuliza kikaoni: awape tarehe gani? Angeweza kuwapa wote tarehe ishirini na nane Februari, ikapokewa bila kelele. Angeweza kuwapa mosi Januari kama zifanyavyo nchi nyingine. Alimfikiria mama yake, ambaye aliwahi kumuuliza bibi yake, akaambiwa tu kwamba ilikuwa asubuhi na nzige walikuwa wameshakula majani ya paa. Hiyo ndiyo iliyojulikana. Kilichozidi hapo kilikuwa cha makarani.

Toleo la Kumi na Sita halikupokea tarehe ya uongo, lakini nafasi tupu lilikuwa linaipokea bila neno. Hilo alilijua tangu siku ya jaribio. Aliandika amri: kila aliyeandikwa thelathini Februari, mwaka wake ubaki, siku na mwezi viachwe wazi. Isipokuwa mstari mmoja. Namba ya mstari huo aliiangalia kwa kifupi tu, kama alivyoagizwa.

Akasoma amri yake mara mbili, neno kwa neno, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa chuoni na kwa sababu hakuna mtu mwingine kwenye jengo lile ambaye angeisoma. Akachukua nakala rudufu nyingine. Kisha akabonyeza.

Skrini ilikaa kimya kwa muda wa kutosha mtu kujuta. Hakujuta. Maneno yakaja:

Imepokewa: 412,006. Imekataliwa: 1.

Mlango ulifunguliwa. Bwana Kaparata aliingia akitafuta mahali penye upepo, tai ikiwa begani, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye skrini.

"Imekubali!" alisema. "Imejirekebisha yenyewe! Barua imefanya kazi!" Halafu akasogea karibu. "Mmoja? Mmoja huyo ni nani?"

Leokadia alimpa muhtasari.

Mkurugenzi Mkuu alisoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika kwenye saini yake alikaa juu ya mabati.

"Bi Mbunda. Unaelewa kuwa kuanzia sasa hivi... katika nchi hii... kila mtu yupo isipokuwa..."

"Usimjadili, Mkurugenzi. Imekatazwa."

Leokadia akainuka, akaenda kwenye kabati la seva, akalizima Toleo la Tisa kwa kidole kimoja, ili asitokee mtu wa kuwarudisha watu wote nyuma kwa ajili ya mmoja. Taa yake ndogo ya kijani ilizimika. Alichukua mkoba wake, na akiwa ameshafika kwenye ngazi akapiga simu nyumbani.

"Mama, vaa viatu. Nakuja."